Kipimo kimeonesha, mtambo umechoronga, madini hayapo: dalili na visababishi kwa watafutaji wa shaba na dhahabu Kanda ya Kati

Mpwapwa, Bahi, Chamwino, Ikungi: kote huko utakutana na mwenye leseni aliyeuza ng'ombe ili alipie kipimo cha jiofizikia. Alikabidhiwa ramani yenye doa jekundu, akaita mtambo, na kwenye doa lile lile ukatoka mwamba mtupu. Hapo lawama huanza. Mwenye leseni anamlaumu mpimaji, mpimaji anamlaumu dirila, yaani mwendesha mtambo, na wote watatu wanailaumu ardhi.

Nimeandika haya kwa ajili ya mwenye leseni huyo na kwa kijana wa jiolojia anayemsaidia. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba hakuna chombo cha jiofizikia kinachopima dhahabu. Dhahabu ya gramu 5 kwa tani, ambayo mchimbaji yeyote angeifurahia, ni sehemu 5 katika milioni, na hakuna umeme wala sumaku inayoihisi kwa kiasi hicho. Chombo kinapima usumaku wa mwamba, ukinzani wake dhidi ya umeme, au namna unavyoshika chaji. Kila kipimo kinaweza kuletwa na vitu zaidi ya kimoja, na vingi kati ya hivyo vinaweza kutenganishwa kwa jaribio la gharama ndogo kabla injini ya mtambo haijawashwa.

Shimo limechorongwa palipooneshwa, lakini mwamba haufanani kabisa na ripoti

Usiguse jiofizikia bado. Kagua namba za eneo kwanza.

Kanda ya Kati ina mtego wake. Mstari wa longitudo 36, unaotenganisha kanda namba 36 na 37 za UTM, yaani gridi ya mita inayotumiwa kwenye ramani na GPS, unapita mashariki kidogo tu ya Jiji la Dodoma. Bahi na mjini ziko kanda ya 36. Kongwa na Mpwapwa mjini ziko kanda ya 37. GPS ya mkononi kwa kawaida hubadili kanda yenyewe unapovuka mstari, ila programu ya ramani kwenye kompyuta itafuata kanda uliyoichagua mwanzo hata kama data ya leo imetoka upande wa pili. Kosa la namna hii huwa kubwa kiasi kwamba mtu makini ataliona mara moja.

Linalojificha ni kosa la mfumo wa ramani. Ramani zetu za karatasi za robo digrii zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na GPS hutoka kiwandani ikiwa kwenye WGS84. Nukta moja ikisomwa kwa mifumo hii miwili inahama takriban mita 300, sehemu kubwa ikiwa kaskazini–kusini. Sasa fikiria leseni ya uchimbaji mdogo wa madini ya metali. Ukomo wake ni hekta 10, na hekta 10 zikiwa mraba ni mita 316 kila upande. Kwa hiyo kosa hili peke yake linatosha kukutoa kwenye leseni yako na kukuingiza kwa jirani, huku kila karatasi ikionekana sahihi.

Jaribio: simama kwenye kitu kisichohama ambacho kipo pia kwenye ramani, kama bikoni ya mpaka au njia panda ya zamani. Soma GPS, linganisha na ramani. Zikitofautiana kwa mita mia mbili au tatu, umeshapata jibu. Kila orodha ya namba unayopokea iandikwe mfumo na kanda yake. Isiyoandikwa irudishwe kwa aliyeileta.

Ramani ya ndege ina doa ndani ya leseni, ila ardhini halionekani

Upimaji wa sumaku kwa ndege uliofunika nchi nzima ulifanyika kati ya 1977 na 1980, kwa mistari iliyoachana kilomita 1, ndege ikiwa juu mita 120 hivi. Data hiyo iko Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, hapa hapa Dodoma, na ni hazina kwa anayesoma mikanda mikubwa ya miamba, mipasuko mirefu na mipaka ya graniti. Lakini leseni yako ya mita 316 inaweza kukaa nzima katikati ya mistari miwili bila ndege kuwahi kupita juu yake. Doa unaloliona basi limechorwa na kompyuta ikiunganisha mstari wa kushoto na wa kulia. Hakuna aliyelipima.

Maeneo kadhaa yamerushwa upya kwa mistari ya karibu zaidi. Hata hivyo Wizara ya Madini ilipoitangaza Dira ya 2030 ilieleza kuwa eneo lililofanyiwa utafiti wa kina wa jiofizikia ni asilimia 16 tu ya nchi, na lengo ni kufika asilimia 50. Uliza kwanza kama kwako kumefikiwa. Kama hakujafikiwa, ramani ya ndege itumike kuchagua wilaya au bonde la kutafutia. Nukta ya kuchoronga itoke kwenye kipimo cha ardhini.

Sumaku ya ardhini inarukaruka, au doa lipo lakini shimo limelikosa

Ikirukaruka kila hatua chache, tazama miguuni. Udongo mwekundu wenye kokoto za kutu ya chuma mara nyingi una usumaku wake wa juu juu, usiohusiana na mwamba wa chini. Rudia mstari mmoja huku kihisio kikiwa kimeinuliwa juu zaidi. Kelele ya juu ikipungua sana na umbo pana likabaki, umeshavitenganisha. Mpimaji mwenyewe akaguliwe pia: simu, funguo, kisu kiunoni, viatu vyenye chuma puani. Nyumba za bati na pikipiki iliyoegeshwa pembeni ya mstari huacha alama kali kabisa.

Ikipanda na kushuka polepole kutwa nzima, hiyo ni dunia yenyewe. Usumaku wake hubadilika kwa makumi ya nanotesla kati ya asubuhi na alasiri, kwa hiyo lazima kuwe na magnetomita ya pili iliyotulia kituoni ikirekodi muda wote. Kazi iliyofanywa bila kituo hicho isipokewe.

Doa likiwepo na shimo likakosa kitu, kisababishi cha kawaida ni latitudo yetu. Dodoma tuko kusini mwa ikweta, na mistari ya usumaku wa dunia hapa imelala, ikiinukia juu kwa zaidi ya digrii 30. Matokeo yake, mwamba mmoja wenye sumaku hutoa madoa mawili: la juu upande wa kaskazini na la chini upande wa kusini. Mwamba wenyewe uko chini ya mteremko kati ya hayo mawili. Anayechoronga katikati ya doa jekundu anachoronga kaskazini ya anachokitafuta. Mchakataji wa data ana njia za kulirudisha doa juu ya mwamba wake, na mkataba utamke kwamba ramani zote mbili, ghafi na iliyorekebishwa, zitakabidhiwa.

Tena, mstari mrefu mwembamba unaokata nchi kwa makumi ya kilomita aghalabu ni doleraiti, mwamba mweusi uliopenya kwenye nyufa za zamani. Usichoronge doleraiti kwa sababu tu inawaka kwenye ramani.

IP, kipimo cha namna mwamba unavyoshika chaji: mkondo hauingii ardhini

Hili ndilo tatizo la Septemba na Oktoba, mchanga ukiwa umekauka hadi ndani. Mashine inaonesha volti nyingi na mkondo kiduchu, na kipokezi kinasoma namba zisizotulia. Sababu kubwa ni mguso hafifu kati ya elektrodi na udongo. Chimba kishimo hadi ukutane na udongo wenye ubaridi, mwaga maji ya chumvi, changanya matope, subiri yanywee, ndipo upige elektrodi. Pakiwa jiwe tupu, tandika karatasi ya alumini ndani ya kishimo chenye matope ya chumvi. Ongeza elektrodi mbili au tatu sambamba. Anayetaka kubana matumizi ya maji kwenye hatua hii atalipa mara nyingi zaidi kwa data isiyosomeka.

Ikiwa mkondo unaingia vizuri lakini kipokezi kinacheza, tafuta nyaya za umeme. Njia kuu ya kilovolti 400 kutoka Iringa kwenda Shinyanga inapita kanda yetu, na reli ya SGR, ambayo treni zake za umeme zilianza kufika Dodoma mwaka 2024, nayo inatoa kelele ya mawimbi 50 kwa sekunde. Sogeza mstari, au upime kwa mzunguko mrefu zaidi wa kuwasha na kuzima huku ukirudia masomo mengi.

Na mkondo ukikatika ghafla, usipandishe volti. Tuma mtu atembee urefu wa waya. Mara nyingi ni mbuzi ametafuna au mtoto ameokota waya, na ule waya unabeba mamia ya volti. Kila elektrodi ya mkondo iwe na mlinzi aliyesimama pale, na kijiji kijulishwe siku moja kabla kupitia mwenyekiti wa kitongoji. Hapa sina mjadala na mtu.

IP imeonesha chaji kubwa, shimo halina shaba wala dhahabu

Hii ndiyo dalili inayoumiza watu wengi zaidi kwetu, kwa hiyo tuikalie.

Vitu vitatu huleta chaji mara nyingi: salfaidi (madini yenye salfa) za chuma na shaba, madini ya kinywe (grafiti), na aina fulani za udongo mfinyanzi kwa kiwango kidogo. Shaba ya asilimia 1 iliyomo ndani ya kalkopairiti, salfaidi ya shaba na chuma, inahitaji takriban asilimia 3 ya kalkopairiti kwa uzito, na kiasi hicho kikiwa kimesambaa kwenye mwamba IP itakiona. Lakini pairiti, salfaidi ya chuma ya kawaida isiyo na thamani, inaonekana vilevile, na kinywe kinaonekana kuliko vyote. Miamba ya Usagara inayopita Mpwapwa ina shisti na naisi zenye kinywe katika sehemu zake, na ndiyo miamba hiyo hiyo inayobeba shaba ya Kinusi. Majirani hawa wawili wanaishi pamoja, na ramani ya chaji haiwatenganishi.

Anza kwa kusoma ramani mbili pamoja. Chaji kubwa iliyoambatana na ukinzani mdogo sana, katika ukanda mwembamba mrefu unaofuata tabaka za miamba, inaelekea kuwa kinywe. Chaji ya wastani kwenye mwamba ambao ukinzani wake haujashuka sana inafanana zaidi na salfaidi zilizotawanyika, kwa sababu punje zisizogusana hazipitishi mkondo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Si kanuni ya uhakika, maana salfaidi zilizoshikamana nazo hupitisha umeme vizuri, ila inatosha kupanga lipi litazamwe kwanza.

Kisha chimba mtaro kukata ukanda huo, mita mbili au tatu kwenda chini. Chukua kipande cha mwamba uliooza, kisugue kwa kidole gumba. Kinywe kitaacha weusi unaong'aa na kuteleza, na ukipitisha kipande hicho kwenye karatasi nyeupe kitachora mstari wa kijivu. Salfaidi zilizooza zinaacha kutu nyekundu na njano, na ukivunja jiwe utaona vitundu vidogo vyenye pembe, nafasi za punje zilizoyeyuka. Mtaro wa siku mbili kwa sururu na koleo umeokoa pesa za mashimo mazima ya kuchoronga.

Hatua ya tatu ni udongo. Chukua sampuli kila mita 25 kukatisha ukanda, uzichekeche, uzipime kwa mashine ya mkononi ya XRF, inayotambua elementi kwa miale ya X. Kwa shaba mashine hiyo inategemeka. Kwa dhahabu usiiamini hata kidogo kwa viwango tunavyozungumzia. Ukanda wenye chaji na shaba kwenye udongo unastahili mtambo. Ukanda wenye chaji, weusi kidoleni na udongo usio na shaba uachwe, hata kama ndio mwekundu kuliko yote.

Upande wa dhahabu mambo yanageuka. Mshipa wa kwatzi wa mita moja wenye salfaidi kidogo, wa aina inayopatikana kwenye mkanda wa Iramba na Sekenke ambako uchimbaji ulianza enzi za Wajerumani mwaka 1909, unaweza usionekane kabisa kwenye IP. Hapo jiofizikia itafutiwe kazi nyingine: kuonesha mpasuko na mpaka wa miamba ambako mshipa unapenda kukaa.

IP haioni chochote, na wachimbaji wanatoa madini pembeni

Visababishi ni viwili. Cha kwanza ni udongo wa mbuga. Kwenye bonde la Bahi na kuelekea Manyoni kuna udongo mfinyanzi na maji ya chumvi yanayopitisha umeme kirahisi. Mkondo unakimbilia huko na haushuki kwenye mwamba. Cha pili ni urefu wa mstari. Kwa mpangilio wa dipoli mbili, yaani jozi moja ya elektrodi za mkondo na jozi moja ya kupokea, wenye nafasi ya mita 25 na hatua sita, unahitaji mita 200 za ardhi na unaona hadi mita 40 hivi. Ukitaka kuona mita 80 na kitu utatumia nafasi ya mita 50, na mstari unakuwa mita 400, mrefu kuliko leseni. Zungumza na jirani mapema, muandikishane ruhusa. Ripoti inayodai kuona mita 200 chini kwa waya ulioishia ndani ya hekta 10, mwulize mwandishi wake ameipataje.

Juu kuna kijani cha kutosha, chini hakuna shaba

Malakaiti, madini ya kijani ya shaba, husafiri. Maji ya mvua huyeyusha shaba mahali fulani na kuiacha kwenye nyufa mita kadhaa mbali. Vunja jiwe: kijani kikiwa kimepaka kuta za nyufa tu na moyo wa jiwe ukiwa msafi, shaba imehamia hapo. Kikiwa ndani ya jiwe, pamoja na kutu na vitundu vya salfaidi, uko karibu na chimbuko. Mashine ya XRF ikielekezwa kwenye ukoko wa kijani itakupa asilimia za kushangaza. Pima unga wa jiwe zima lililosagwa.

Pia miamba ya Usagara imekunjwa na kuvutwa sana, na tabaka lenye shaba linaweza kuwa limekatika vipande vilivyoachana kama shanga kwenye uzi. Shimo likipita kati ya shanga mbili halioni kitu. Pima mwelekeo wa mistari ya mikunjo kwenye mwamba ulio wazi. Vipande aghalabu vimelala kufuata mistari hiyo, na shimo la pili lielekezwe hivyo.

Mfuko wa sampuli ni mwepesi, au sampuli imetoka tope

Kwenye uchorongaji wa RC, unaopandisha mwamba uliosagwa kwa hewa ya kompresa, wenye biti ya milimita 140, mita moja ya mwamba mgumu ni kilo 40 hivi. Mwamba uliooza ni kilo 30 au pungufu kidogo. Nunua mizani, pima kila mfuko, andika. Mfuko wa kilo 18 maana yake nusu ya mita hiyo imepotelea ndani ya nyufa au imepeperuka kama vumbi, na huwezi kujua nusu iliyopotea ilibeba nini. Sababu huwa kesingi (bomba la kushikilia kuta za shimo) fupi, biti iliyochakaa, au dirila anayekimbiza mita kwa kuwa analipwa kwa mita.

Tope ni baya zaidi. Shimo likifika kwenye maji na kompresa ikashindwa kuyasukuma, dhahabu ya mita 42 inashuka na kujitokeza kwenye mita 43, 44 na 45. Ukiona dhahabu inaanza ghafla na kufifia taratibu kuelekea chini, na mabadiliko yameanzia palipoandikwa "maji", usihesabu unene huo. Ongeza kompresa ya kusaidia, simamisha na kusafisha shimo kila rodi inapoungwa, na yote yakishindikana funga RC uendelee na uchorongaji wa biti ya almasi. Koa, yaani mche wa mwamba unaotoka mzima, haidanganyi kirahisi. Hata yenyewe ipimwe: rodi ya mita 3 iliyotoa koa ya mita 1.9 imepoteza zaidi ya theluthi, na kinachopotea kwanza ni sehemu iliyosagika, ambayo kwenye dhahabu ndiyo inayotafutwa.

Maabara imetoa namba mbili tofauti kwa sampuli moja

Kabla ya kusema maabara imekosea, hesabu safari ya jiwe. Kilo 40 zinagawanywa hadi kilo 3, kilo 3 zinasagwa, na kinachoingia tanuruni ni gramu 30 au 50. Dhahabu yenye punje kubwa haigawanyiki sawa. Punje moja ikiingia kwenye kipimo hiki na kukosa kile, namba zinatofautiana na wote wako sahihi. Omba kipimo cha kuchekecha, ambamo punje kubwa hutenganishwa na kupimwa peke yake, kwa sampuli zote zenye dhahabu inayoonekana kwenye karai.

Kwa wastani kila sampuli 20 weka moja isiyo na madini, moja yenye kiwango kinachojulikana, na moja ya kurudia. Isiyo na madini ikirudi na dhahabu, mashine ya kusagia haikusafishwa. Yenye kiwango ikipotoka, rudisha kundi zima.

Shimo moja zuri, la pili mita 20 pembeni halina kitu

Tazama pembe kwanza. Shimo la wima kwenye mshipa uliosimama digrii 80 linateleza ndani ya mshipa, na mita 10 za kwenye ripoti ni mita 1.7 tu za unene wa kweli. La pili huenda limepita kando kabisa. Choronga kwa mteremko ukielekea kuukata mshipa, na vifusi vya maduara (mashimo ya wachimbaji wadogo) ya zamani pamoja na wazee waliochimba humo watakueleza mshipa unalalia upande gani.

Pili, pima shimo limekwenda wapi. Rodi hupinda, na kifaa cha kupima mwelekeo kinachotumia dira kitadanganywa na mwamba wenye sumaku; hapo tumia kinachotumia jairo, ambayo haitegemei sumaku. Ukishajua nukta halisi iliyokutana na mshipa na ile iliyoukosa, chora sehemu hiyo kwa penseli kwenye karatasi ya mraba, wewe mwenyewe, kabla ya kulipia shimo la tatu. Masanduku ya koa na vijisanduku vya RC viwekwe chini ya paa, vimeandikwa namba ya shimo na mita kwa rangi isiyofutika, maana mjiolojia atakayekuja mwakani ataanza kwa kuomba kuviona.